Kabla fundi hajagonga ukuta, shikeni chaki
Jamani mnaokarabati nyumba huku Mbeya, kabla fundi hajashika nyundo ingia naye ndani na chaki mchore ukutani kila kitu, mlango mpya unakaa wapi, soketi, sinki, na umsikilize maana yeye ndo anajua ukuta upi umebeba paa na upi unaweza kutoka. Mimi jikoni kwangu Uyole nilitaka dirisha upande mmoja, fundi akaniambia dada huko ndiko upepo unakotokea, Juni hutakaa humu, tukafuta tukachora ukuta wa pili na kweli namshukuru mpaka leo. Vifaa nendeni wote sokoni Mwanjelwa, yeye achague wewe ulipe, risiti ubaki nazo. Hela mpe kwa hatua, plasta ikiisha anachukua yake. Na hiyo plasta inataka maji asubuhi na jioni kama siku 7 hivi, mkubaliane kabisa nani anamwagilia maana hapo ndo watu wanagombana, kila mtu alidhani mwenzie anamwaga. Kazi ya bati muimalize kabla ya Novemba, mvua ikikukuta umeshafumua paa utalia.