Bajeti ya mtoto mchanga: anzeni mimba ikiwa ya miezi mitano

Kaeni na daftari. Andikeni kwanza matumizi ya sasa: kodi, chakula, maji ya mkokoteni, nauli. Kinachobaki ndicho cha mtoto.

Hakikisheni SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, iko hai. Asiyeajiriwa hulipia mwaka mzima kwa mkupuo, angalau shilingi 3,600, msingoje uchungu. Pesa za teksi ya usiku zikae kando, hasa mkiishi Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, maana feri haimjui mja mzito.

Pampasi ndizo hutoboa mfuko. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku. Chukueni 10 kwa siku 30, ni 300. Ikiwa moja ni shilingi 20, hiyo ni 6,000 kwa mwezi. Mkitumia nepi 24 za kitambaa na pampasi 2 za usiku, mtashuka hadi 1,200 na sabuni juu. Mvua za Aprili na Mei nepi hazikauki, basi ongezeni dazeni moja. Msirundike saizi ya kwanza, mtoto huipita baada ya wiki chache tu.

Nguo na karai ulizeni jamaa kwanza, kisha mitumba ya soko la Kongowea. Maziwa ya kopo msiyapangie. Titi linatosha miezi 6, ila chakula cha mama kiongezwe. Chanjo za kawaida ni bure hospitali za serikali.

Kinachosahaulika ni arobaini, zile siku 40 baada ya kujifungua: anayemkanda mzazi, chai ya wageni, na kwa Waislamu akika, yaani kumchinjia mtoto: mbuzi 2 kwa mvulana, 1 kwa msichana. Akika ni sunna, haikopewi.