Jinsi ya Kusaka Kalamu za Wino za Zamani Katika Maonyesho ya Wakusanyaji

Katika maonyesho makubwa ya kalamu, kama yale yanayofanyika kila Agosti pembezoni mwa jiji la Washington nchini Marekani, au yale ya Chicago na London, mnunuzi hukuta ukumbi uliojaa meza, na juu ya meza hizo zimepangwa kalamu za wino nyingi kiasi kwamba siku nzima haitoshi kuzipitia zote. Baadhi yake zimeshapita mikononi mwa fundi na ziko tayari kuandika. Nyingine zimetolewa kwenye droo ya mtu aliyefariki na kuletwa zilivyo, wino mkavu wa miongo kadhaa ukiwa bado umo ndani. Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kununua hizo za kundi la pili bila kupoteza fedha zake.

Mimi hununua kalamu hizi na kuzikarabati, na utaratibu wangu wote umejengwa juu ya jambo moja: kagua kwanza kile kisichorekebishika. Kifuko cha wino kilichooza hubadilishwa kwa gharama ndogo, lakini nibu (ncha ya metali inayoandikia) iliyopasuka au kifuniko chenye ufa vinaweza kuila thamani yote ya kalamu. Wanunuzi wengi wapya hufanya kinyume chake. Huvutwa na mng'ao wa rangi, kisha hujaribu kama kalamu inavuta wino, na nibu huitazama mwisho, wakati tayari wameshaipenda kalamu na hawataki kusikia habari mbaya.

Hatua ya 1: Amua unachokitafuta kabla ya kuingia

Chagua aina mbili au tatu tu, uzisome vizuri, na uzijue sehemu zake kwa macho. Kwa anayeanza, ninapendekeza Parker 51 na Esterbrook ya mfululizo wa J.

Parker 51 iliingia sokoni Marekani mwaka 1941 ikitoka kiwandani Janesville, Wisconsin, na ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1972. Nibu yake imefichwa chini ya kofia ndogo, umbo ambalo baadaye liliigwa na kalamu nyingi duniani, ikiwemo Hero 616 ya China. Mwili wake ni wa akriliki, ambayo haisinyai kama selulodi (plastiki ya zamani iliyotumika kwenye kalamu nyingi), na ndiyo sababu mojawapo ya kalamu nyingi za aina hii kutufikia zikiwa nzima. Muhimu ni kutofautisha matoleo mawili. Yale ya kwanza yana kifuniko kidogo mkiani, na ukikifungua unakuta kitufe cha kusukuma. Ndani mna kiwambo cha mpira kinachovuta wino, ambacho kwa umri wake karibu kila mara huhitaji kubadilishwa. Toleo lililoanza mwaka 1948 hufunguliwa katikati, nawe unaona ala ya chuma yenye kipande cha kubonyeza, na ndani yake kifuko cha plastiki angavu ambacho mara nyingi bado kinafanya kazi hadi leo. Kwa mnunuzi wa kwanza, chukua hili la pili.

Esterbrook ni rahisi kupatikana na bei yake kwa kawaida iko chini ya Parker 51. Uzuri wake mkubwa ni kwamba nibu yake hufunguliwa kwa skrubu na kubadilishwa, kwa hiyo kalamu yenye mwili mzuri na nibu mbovu bado inafaa kununuliwa, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu kalamu nyingine nyingi za wakati ule.

Hatua ya 2: Andaa vifaa vichache

Beba lenzi ya kukuza mara kumi, tochi ndogo yenye mwanga mkali, karatasi yako mwenyewe ambayo umeizoea, kitambaa laini, na fedha taslimu za noti ndogo ndogo. Lenzi ndiyo usiyoweza kuikosa. Ikiwa bajeti yako inakulazimu kuchagua kati ya kununua lenzi nzuri na kununua kalamu moja zaidi, nunua lenzi.

Hatua ya 3: Chagua siku na saa

Maonyesho makubwa huchukua siku kadhaa, na siku za mwanzo huwa za biashara kati ya wauzaji na wakusanyaji waliolipia kiingilio cha ziada. Kalamu adimu hubadilisha mikono wakati huo, mara nyingine kabla meza hazijamaliza kupangwa. Siku ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni Jumapili, baadhi ya wauzaji hufunga mapema, na waliobaki huwa tayari zaidi kupunguza bei ili wasirudi nyumbani na mzigo. Asiyetafuta kitu adimu hana sababu ya kulipia siku za mwanzo. Unapoingia, zunguka ukumbi mzima mara moja kwa mwendo wa haraka na uandike mahali zilipo kalamu za aina ulizochagua. Usisimame mpaka ukutane na ile iliyo kwenye orodha yako na bei yake inaeleweka.

Hatua ya 4: Omba ruhusa kabla ya kugusa

Mwambie muuzaji, "Samahani, naweza kuitazama hii?" kisha subiri jibu. Uliza kama kifuniko huvutwa au huzungushwa, kwa sababu cha Parker 51 huvutwa na cha Esterbrook J huzungushwa, na kukosea kunaweza kukipasua. Usikivalishe kifuniko mkiani mwa kalamu kwa nguvu. Zaidi ya yote, kalamu yenye wenzo ubavuni, ule unaobana kifuko ili kivute wino, usiuinue wenzo huo ikiwa haijakarabatiwa. Kifuko cha mpira kikizeeka hukauka na kuwa kigumu kama ganda, na wenzo ukilazimishwa juu yake unaweza kuvunjika au kuutoboa mwili wa kalamu. Muuzaji anayejua kazi yake atakuzuia. Asiyejua atakuacha uvunje, halafu atakudai.

Hatua ya 5: Kagua nibu

Hapa ndipo unapotakiwa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine pote. Shika kalamu ncha ikikuelekea na uitazame kwa lenzi. Kwenye nibu ya dhahabu utaona mwishoni kitone cha metali ngumu kilichounganishwa na kupasuliwa katikati, ili kila jino la nibu libebe nusu yake. Nusu hizo zinapaswa kuwa sawa kwa ukubwa na kukaa usawa mmoja. Nusu moja ikiwa imepungua, au sehemu ya chini ikiwa bapa na yenye kingo kali, basi mwenye kalamu wa awali aliandika nayo miaka mingi kwa mkono wenye mwelekeo mmoja. Mafundi wapo wanaoweza kuunganisha kitone kipya, lakini malipo yao mara nyingi yanazidi bei ya kalamu yenyewe, hivyo kalamu isiyo na kitone irudishe mezani.

Usilitumie sharti hili kwa kila nibu ya Esterbrook. Zile zenye namba zinazoanza na 1 au 2, kama 2668, ni za chuma na ncha yake imekunjwa tu, haina metali ngumu ya ziada. Zinazoanza na 9 ndizo zenye kitone. Ukijua hilo, unaweza kuchambua sanduku zima la Esterbrook kwa kusoma namba na kuokota zile ambazo wengine wamezipita.

Baada ya ncha, fuata mpasuko wa katikati hadi kwenye tundu, kisha angalia kwa makini pande za tundu hilo na mabega ya nibu. Ufa mwembamba hapo hujionyesha kama unywele, na huonekana vizuri zaidi mwanga wa tochi ukipiga kutoka ubavuni. Nibu yenye ufa inaweza kuandika leo na kukuangusha mwezi ujao. Jino lililopinda ni jambo jingine: mtaalamu hulinyoosha, na katika maonyesho mengi wataalamu hao huwa na meza zao humo humo, ingawa inakupasa uandikishe jina asubuhi na mapema kwa sababu foleni zao hujaa. Jino likiwa limepinda, nunua tu ikiwa bei imeshuka kiasi cha kulipia kazi hiyo.

Soma pia maandishi yaliyochongwa kwenye nibu. Kalamu ya Waterman inatakiwa iwe na nibu ya Waterman. Ukikuta kalamu ya kampuni mashuhuri ina nibu iliyoandikwa tu "Warranted" na karati zake, nibu ya awali imeondolewa na nyingine isiyo yake imewekwa. Inaweza kuandika vizuri kabisa, lakini thamani yake si ile ya kalamu kamili.

Wapo wanaosaka nibu laini zinazotanuka, hasa za Waterman 52, ambayo tarakimu yake ya 5 inaonyesha kuwa inajazwa kwa wenzo na 2 ni ukubwa wa nibu. Nibu hizi ni nzuri mno, na ninaumia kila ninapomwona mtu akiikandamiza moja juu ya meza ili waliomzunguka waone meno yakitengana. Dhahabu hiyo imekunjwa na kukunjuliwa kwa takriban miaka 100. Iguse taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba, uone meno yakianza tu kuachana, na hapo utakuwa umepata jibu. Ukitaka kuandika nayo, omba uichovye kwenye wino, na uandike mistari michache ya mwandiko wako wa kila siku.

Hatua ya 6: Kagua mwili na kifuniko

Ufa wa kawaida zaidi huwa kwenye mdomo wa kifuniko, kwa sababu hapo ndipo watu walipokaza kupita kiasi. Ingiza tochi ndani ya kifuniko na ukizungushe polepole. Ufa utaonekana kama mstari wa mwanga. Kisha angalia shingo, mahali vidole vinaposhika, na sehemu zenye nyuzi za skrubu.

Baada ya hapo, itazame rangi, na ujue inakueleza nini. Sheaffer ilianza kutumia selulodi mwaka 1924 na Parker ikafuata mwaka 1926, na rangi za kijani na za lulu za miaka hiyo zinapendeza hadi leo. Lakini salfa inayotoka kwenye kifuko cha mpira huipaka selulodi hudhurungi kutoka ndani, na kwa kuwa kifuko kiko mwilini, mwili hubadilika huku kifuniko kikibaki na rangi yake. Linganisha viwili hivyo kwenye mwanga wa dirisha. Doa hilo halisuguliki likatoka, hata muuzaji akiahidi vipi. Kalamu nyeusi za eboniti, yaani mpira mgumu, nazo hugeuka kahawia kwa jua na unyevu. Ikiwa kalamu ya eboniti ya miaka ya 1920 ni nyeusi tii lakini nakshi zake zimefifia, uliza kama imepakwa rangi upya.

Kwenye Parker za miaka ya 1940, tafuta namba ndogo karibu na maandishi ya kampuni mwilini. Tarakimu ni ya mwisho ya mwaka, na nukta zilizoizunguka zinaonyesha robo ya mwaka: nukta tatu ni robo ya kwanza, na moja hupunguzwa kila robo. Kwa hiyo Parker 51 yenye 6 na nukta moja ilitoka robo ya tatu ya mwaka 1946. Tarehe ya mwili ikiwa ya mbali sana na aina ya kifuniko au rangi, huenda sehemu zimeunganishwa kutoka kalamu tofauti.

Kuhusu majina ya wenyewe yaliyochongwa, wakusanyaji wengi huyakwepa na bei hushuka. Mimi huyapenda, na kalamu hizo huwa nafuu bila kupungukiwa na chochote katika kuandika.

Hatua ya 7: Sasa uliza kuhusu ujazaji

Kalamu ya wenzo inayohitaji kifuko kipya ni kazi rahisi. Parker Vacumatic, aina nyingine ya Parker inayojazwa kwa kiwambo, na zile 51 za kabla ya 1948, zinahitaji kifaa maalumu cha kufungulia na mkono wenye uzoefu. Sheaffer Snorkel, iliyotoka mwaka 1952 na ambayo hutoa mrija mwembamba chini ya nibu ili kuvuta wino, ina sehemu nyingi na mipira kadhaa ya kubadilisha. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo mbaya. Tofauti iko kwenye gharama utakayoongeza juu ya bei. Muulize muuzaji moja kwa moja: imekarabatiwa lini, na nini kilibadilishwa? Akisema tu kwamba "inafanya kazi", hesabu kuwa haijakarabatiwa.

Hatua ya 8: Patana bei

Taja kasoro ulizoziona kwa upole na uache lenzi iseme. Usiidharau kalamu ya mtu ili akushushie bei. Kununua mbili au tatu kwenye meza moja na kulipa taslimu hufanya kazi kuliko maneno mengi. Ukishindwa kuafikiana, shukuru na uendelee. Rudi Jumapili mchana, huenda bado ipo.

Hatua ya 9: Baada ya kufika nyumbani

Isafishe kwa maji ya vuguvugu. Maji ya moto na spirti huharibu selulodi na akriliki. Eboniti usiiloweke kabisa. Lowesha nibu na ulimi wake (kipande cha chini ya nibu kinachoipelekea wino) pekee, kisha ukaushe mwili mara moja. Kalamu ambayo kifuko chake hakijabadilishwa usiijaze hata kama unatamani kuiona ikiandika. Iliyo tayari, vuta na kutoa maji mpaka yatoke meupe, kisha funga ncha kwa karatasi laini na uisimamishe nibu ikitazama chini usiku kucha. Karatasi ikiwa na rangi asubuhi, rudia. Ikiwa safi, ijaze kwa wino wa kawaida wa kalamu za wino, wala si wino mweusi wa wachoraji, ambao hugandia ndani na kuziba njia zote.