Namna ya Kukadiria Kipato cha Msingi Kinachotokana na Kupunguza Watumishi wa Umma

Anayependekeza kila Mtanzania alipwe kipato cha msingi, yaani kiasi kilekile cha fedha kwa kila mtu kila mwezi, kwa fedha zitakazookolewa kwa kupunguza watumishi wa umma, aanze kwa kuzidisha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ukimpa kila mmoja shilingi 10,000 kwa mwezi, kiasi ambacho mkazi wa Mbagala anayekwenda kazini Posta kila siku humalizia kwenye nauli ya daladala kabla wiki mbili hazijaisha, utahitaji shilingi bilioni 617.4 kila mwezi.

Kisha gawanya. Tuseme, kwa mfano tu, kila mtumishi anaigharimu serikali shilingi milioni moja kwa mwezi: nafasi moja ikifutwa italipa watu 100, kwa hiyo utalazimika kufuta nafasi 617,411. Hapo utakuwa umeingia madarasani, kwa kuwa walimu ndio kundi kubwa katika utumishi wa umma, na kwangu mimi mzazi wa Tandale hapati nafuu yoyote akipewa shilingi 10,000 huku mtoto wake akikosa mwalimu.

Usihesabu mshahara mzima kuwa akiba. Sehemu yake hurudi Hazina kama kodi ya mapato, na anayeachishwa hudai mafao yake. Wanaowakumbuka waliopunguzwa kazini miaka ya 1990 wanajua pia kwamba mshahara mmoja wa jijini hulisha ndugu wengi, na wote hao huyumba kwa pamoja mshahara huo ukikatika.

Wala usitegemee usafishaji wa orodha ya malipo pekee. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kwa mfano wetu wa milioni moja, hao wote wangempatia kila Mtanzania shilingi 161 kwa mwezi, tena kama nafasi zao zisingejazwa.

Ninachoshauri ni kupunguza walengwa kwanza. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza nani ni maskini. Kwa mpango wa namna hiyo, acha wazi nafasi za makarani na wahudumu wa ofisi kadiri wanavyostaafu, usimwachishe mtu kazi, na sheria itamke kwamba kila shilingi iliyookolewa iingie katika fungu la wazee kabla wizara nyingine haijaiombea matumizi.