Betri ya Kuwashia Motahomu: Jinsi ya Kuitunza Gari Likilala Miezi

Motahomu yangu, gari lenye nyumba ndani yake, ilikaa miezi mitatu imechomekwa umeme wa ukutani. Kila nilipoingia, paneli ya ndani ilionyesha betri imejaa. Siku ya safari nikazungusha ufunguo: tik-tik-tik, taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Umeme ulikuwa ukiingia kweli, ila kwenye betri nyingine.

Gari la namna hii lina betri za aina mbili: ya kuwashia injini, na ya nyumba inayoendesha taa na pampu ya maji. Katika magari mengi chaja ya ndani, na hata sola ya paani, hulisha ya nyumba tu. Kwa hiyo usikimbilie kununua kitu. Pima kwanza.

Hatua ya 1: Pima betri ya kuwashia ikiwa imepumzika. Ilale usiku mzima bila injini wala chaja. Ukipima mara tu baada ya safari, namba itakudanganya. Waya mwekundu wa mita ya volti kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Volti 12.6 hadi 12.8, imejaa. 12.4, imebaki kama robo tatu, 12.2, nusu. Ikishuka chini ya 12.4 ichaji mapema, maana betri ya risasi na tindikali ikikaa na njaa, salfeti huganda kwenye mabamba yake, na ikishakomaa hakuna chaja ya kuitoa.

Hatua ya 2: Jua chaja yako inalisha nani. Mita ikiwa bado kwenye betri ya kuwashia, chomeka umeme. Namba ikipanda kupita 13, chaja inaifikia. Isiposogea, rudi baada ya saa kadhaa, kwani mifumo mingine hujaza ya nyumba kwanza. Ikiwa bado palepale, jibu umelipata.

Hatua ya 3: Chagua njia.

Una soketi karibu? Funga chaja ya kutunza betri, ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Ichague kulingana na betri: ya maji au AGM (iliyofungwa, tindikali yake imeshikwa na mikeka ya nyuzi za kioo). Chaja ya kizamani isiyojua kuacha usiiache hapo wiki nzima. Itachemsha maji ya betri, na gesi inayotoka huwaka kwa cheche moja tu.

Kama ya nyumba tayari inachajiwa vizuri, kuna kifaa kidogo cha kuunganisha betri mbili, kinachomwaga ziada kwenye ya kuwashia. Mimi ndicho nilichofunga. Weka fyuzi karibu na kila betri, usione uvivu.

Huna soketi? Paneli ya sola ya wati 10 hadi 20 pamoja na kidhibiti chaji inatosha, mradi ione jua. Chini ya turubai ni pambo tu.

Huna soketi wala jua, chomoa waya wa hasi. Hasi kwanza, kwa sababu spana ikiwa kwenye chanya na ikagusa bodi huku hasi imefungwa, utaona cheche. Usisahau kutoa funguo nje kabla ya kuchomoa, uwe na namba ya siri ya redio, na ujue king'ora nacho kitanyamaza.

King'ora hicho, pamoja na saa na kompyuta ya gari, ndio walaji wakuu. Tuseme vyote vinanyonya miliampea 50. Kwa siku ni ampea-saa 1.2, kwa mwezi 36. Kwenye betri ya ampea-saa 90, zaidi ya theluthi imeliwa gari likiwa limelala.

Na ile tabia ya kuwasha injini dakika kumi kila Jumamosi? Iache. Stata inachota kwa ndoo, alteneta ikiwa kwenye mlio wa chini inarudisha kwa kijiko, na unyevu unabaki kwenye ekzosi. Ukitaka kuwasha, endesha barabarani walau nusu saa.

Hatua ya 4: Hakikisha. Kesho yake, chaja ikiwa imetulia, pima tena palepale kwenye betri: volti 13.2 hadi 13.8 ni sawa. Kisha rudia mara moja kwa mwezi, hata kama ulichomoa hasi (hapo fuata namba za Hatua ya 1), kwani betri hujimaliza yenyewe polepole, na joto huizidishia kasi.

Kabla ya kufunga mlango, ning'iniza karatasi kwenye usukani: CHAJA IMECHOMEKWA. Yangu niliiandika baada ya kuburuta waya hadi getini.