Kuchagua Vifaa na Fomati ya Kurekodi Video kwa Kamera ya DSLR: Maelezo kwa Mpigaji wa Kisumu

Anayetaka kuanza kazi ya kupiga video hapa Kisumu huja dukani akiuliza bei ya kamera, ilhali swali hilo lilistahili kuwa la tatu au la nne. La kwanza ni atapiga nini hasa: harusi kanisani, matanga huko Siaya ambako umeme ni wa jenereta, mahojiano ya chama cha akina mama, au mapigano ya mafahali Kakamega asubuhi na mapema, mwanga ukiwa bado hafifu. La pili ni wapi video hiyo itatazamwa. Ikiwa wenye harusi wataiangalia kwenye televisheni ya sebuleni na kuwatumia jamaa vipande kwa simu, hakuna haja ya kukimbilia kamera ghali. Kwa mwenye mtaji mdogo ninapendekeza bodi (kamera bila lenzi) iliyotumika ya DSLR, yaani kamera ya kioo yenye lenzi za kubadilishwa, irekodi pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, kisha pesa zinazobaki ziende kwa maikrofoni, lenzi na kadi, kwa mpangilio huohuo.

Hizo fremu 25 zina sababu. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu pamoja na LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde, yaani mara mbili katika kila mzunguko wa umeme. Jicho halitambui, lakini kamera hutambua. Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, ikiwa 1/50 ya sekunde, kila fremu hukusanya mipepeso miwili kamili, na ikiwa 1/100 hukusanya mmoja kamili, kwa hiyo mwanga hulingana kutoka fremu moja hadi nyingine. Kamera iliyotoka Marekani kwa kawaida huja ikiwa imewekwa kwenye mfumo wa NTSC, ambao hutoa fremu 30, na mpigaji akiweka shata 1/60 kama alivyoelekezwa na walimu wa intaneti wanaoishi kwenye umeme wa hezi 60, mpepeso hukatwa katikati na mistari ya giza huanza kupanda polepole juu ya picha.

Mimi nililipia somo hilo katika harusi moja ya jioni, ndani ya ukumbi wenye tyubu kumi na mbili darini. Kwenye skrini ndogo ya kamera sikuona kasoro yoyote. Usiku, nilipofungua faili kwenye kompyuta, mistari ya kijivu ilikuwa ikipita juu ya gauni jeupe la bibi harusi kuanzia kukatwa kwa keki hadi utoaji wa zawadi, na hakuna programu niliyokuwa nayo iliyoweza kuifuta. Tangu siku hiyo, nikishika kamera yoyote, hata ya kuazima, kwanza hufungua menyu na kubadilisha NTSC kuwa PAL, mfumo wa fremu 25. Ukihitaji mwendo wa polepole, kwa mfano wachezaji wa ohangla, ngoma ya Waluo, wakiingia na bwana harusi, rekodi fremu 50 kwa shata 1/100, halafu uzicheze kwa fremu 25 wakati wa kuhariri. Kumbuka tu kwamba bodi za zamani kama Canon 600D hushuka hadi picha ndogo zaidi, ya 720, zikiwekwa kwenye fremu 50.

Kuhusu fomati, wengi huchanganya kasha na kilichomo ndani yake. MOV na MP4 ni makasha tu. Kinachoamua ukubwa wa faili na kazi ya kompyuta ni namna picha zilivyobanwa, na katika DSLR nyingi ubanaji huo ni H.264. Canon 5D Mark III, iliyotoka mwaka 2012, inaonyesha tofauti vizuri kwa sababu inakupa njia mbili. Katika ALL-I kila fremu hubanwa peke yake, na dakika moja ya 1080 hula takriban megabaiti 685. Katika IPB kamera huhifadhi fremu chache kamili na kuandika mabadiliko tu kwa zile za katikati, hivyo dakika hiyohiyo hula takriban megabaiti 235. Kadi ya gigabaiti 16 hujaa kwa dakika 22 katika njia ya kwanza, na hufika zaidi ya saa moja katika ya pili. ALL-I ni nyepesi kwa kompyuta dhaifu wakati wa kukatakata vipande, lakini kwa harusi inayoanza saa nne asubuhi na kumalizika usiku ningechagua IPB bila kusita, maana diski hununuliwa kwa pesa na faida ya ubora ni ndogo mno kwa mtazamaji wa sebuleni.

Usidanganywe na maandishi makubwa yaliyo mbele ya kadi, kwa kuwa mara nyingi hiyo ni kasi ya kusoma. Tazama alama ndogo: nambari 10 ndani ya duara huahidi kuandika megabaiti 10 kwa sekunde bila kushuka, ilhali U3 au V30 huahidi 30. ALL-I niliyoitaja huhitaji zaidi kidogo ya megabaiti 11, kwa hiyo kadi ya alama ya 10 inaweza kusimamisha kurekodi mchungaji akiwa katikati ya viapo.

Muuzaji akikushawishi kwa 4K, yaani picha yenye pikseli mara nne ya 1080, muulize inarekodiwa vipi. Canon 5D Mark IV ya mwaka 2016 hurekodi 4K kwa Motion JPEG, ubanaji wa kila fremu peke yake, ya megabiti 500 kwa sekunde, na kadi ya gigabaiti 64 huisha kwa takriban dakika 17. Isitoshe, hutumia sehemu ya katikati tu ya sensa, na lenzi yako pana huacha kuwa pana. Kwa mahojiano mafupi, sawa. Kwa matanga ya kutwa nzima, hapana.

Kuna mpaka mwingine ambao hautajwi dukani. Bodi za kizazi cha 600D husimama faili inapofika gigabaiti 4, ambazo ni kama dakika 12 za 1080. Zilizofuata huanza faili mpya zenyewe, lakini nyingi husimama zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulitoza ushuru mkubwa zaidi kamera zilizorekodi dakika 30 au zaidi. Mimi husimamisha na kuanza upya waumini wanapoinuka kuimba, ili kipande kisikatike ndani ya mahubiri.

Ukinunua bodi ya mtumba, hakikisha ina tundu la maikrofoni na, ukiweza, la hedifoni: 80D inalo, 70D haina. Mulika tochi ndani ya nafasi ya kadi uangalie kama kuna pini iliyopinda, kisha funika lenzi, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200, urekodi dakika mbili na utafute vitone vyekundu au vyeupe visivyosogea.

Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (kipimo cha uwazi wa lenzi; nambari ikiwa ndogo, mwanga mwingi huingia) ni nafuu na nzuri, lakini kwenye sensa ndogo ya Canon huona kama milimita 80, na katika sebule ya kawaida ya Kondele utajikuta mgongo umegusa ukuta kabla hujamweka baba na mama katika fremu moja. Zumu ya milimita 17 hadi 50 yenye f/2.8 itafanya kazi nyingi zaidi. Nje, jua ni taabu ya aina nyingine: kwa ISO 100 na shata 1/50, mchana mweupe hudai f/22, na ukitaka f/2.8 ili mandhari ya nyuma yalainike lazima uzuie mwanga kwa hatua sita, kila hatua ikiupunguza kwa nusu, ambazo ni kichujio cheusi cha lenzi kiitwacho ND64. Vichujio vya kuzungusha vya bei ya chini huacha msalaba wa giza ukivifikisha mwisho. Hapa Kisumu, tulio magharibi ya nchi, jua la utosi hufika karibu saa saba kasoro dakika ishirini wala si saa sita kamili, kwa hiyo ratiba ya picha za maharusi ipangwe baada ya saa kumi. Epuka pia kuelekeza kamera kwenye paa la mabati lililo mbali, maana migongo yake hugeuka mawimbi ya rangi. Sogea, au upunguze ukali wa fokasi hapo.

Sauti ndiyo hunifanya nirudishiwe kazi au nilipwe. Upepo wa ziwa pale Dunga huvuma juu ya maikrofoni isiyo na manyoya hadi maneno yote yamezwe, na maikrofoni iliyomo ndani ya kamera hunasa hata injini ya kusogeza lenzi. Mvalishe msemaji maikrofoni ya kola iliyounganishwa na kinasa sauti kidogo, rekodi WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya kilohezi 48, weka kilele karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, na uzime urekebishaji wa sauti wa kiotomatiki kwenye kamera, ambao hupandisha mlio wa jenereta kila mtu anaponyamaza. Kisha piga kofi moja mbele ya lenzi ili upate pa kulinganishia sauti na picha.

Usiku huohuo nakili kila kadi kwenye diski mbili tofauti, fungua faili ya mwisho ya kila kadi uone kama inacheza hadi mwisho, na ndipo uifomati, ukifanya hivyo ndani ya kamera wala si kwenye kompyuta.