Kumfundisha anayeanza kuprogramu roboti kwa bloku: atabiri kwanza ndo abonyeze

Kompyuta iacheni kwanza. Mmoja asimame awe roboti, mwingine ampe amri moja moja, hatua tatu mbele, geuka kulia, hatua mbili, na huyo roboti afanye alichoambiwa tu hata kama anaelekea ukutani. Dakika kumi zinatosha, watashaona kwamba mashine haijui ulikua unamaanisha nini.

Alafu fungueni programu ya bloku (bloku ni vipande vya amri unavyounganisha kwenye skrini badala ya kuandika), Scratch au MakeCode ya micro:bit, ile kompyuta ndogo ya kujifunzia, au ile iliyokuja na roboti yenu, zote ni kuburuta tu na bloku isiyoingiana na mwenzake haishiki. Program ya kwanza iwe fupi: anza, mota zote mbili mbele, subiri sekunde 1, simama. Hiyo ya kusimama wengi wanaisahau, so fanyieni sakafuni, mezani itaanguka.

Sasa kabla hajabonyeza muulize itafika wapi, aweke alama ya chaki. Hapa ndo somo lenyewe na nakuomba usiliruke, maana asipotabiri atabonyeza tu na kufurahi, ila akitabiri ikakosea ataanza mwenyewe kutafuta kwanini.

Kinachofuata, roboti itembee umbo la mraba, na kugeuka ni tairi moja mbele nyingine nyuma. Roboti nyingi za bei ndogo hazijui digrii 90 ni nini, zinajua muda tu, kwahiyo mnajaribu sekunde 0.5, ikipungua 0.6, namba moja kwa wakati mmoja jamani, ukibadilisha spidi na muda pamoja hutajua kipi kimesaidia. Na betri ikishuka chaji namba ya jana leo haifai tena, mwambie mapema asije akadhani kaharibu. Mwache aburute bloku zilezile mara nne mpaka achoke, hapo ndo umuonyeshe bloku ya "rudia mara 4", ataipenda kweli.

Mausi usiishike wewe! Hata akichelewa, onyesha kwa kidole.

Sensa ya umbali, ile inayopima kitu cha mbele kiko mbali kiasi gani, iwe mwisho: kama kuna kitu chini ya sm 15, simama, la sivyo nenda mbele. Itagonga ukuta, karibu kila anayeanza inamtokea, kwasababu "kama" imesomwa mara moja tu pale mwanzo ikaisha. Muulize roboti imeangalia mbele mara ngapi, umpe muda, mpaka mwenyewe aiingize ile "kama" yote ndani ya bloku ya "rudia milele".