Msome Mbwa Kwanza, Ndipo Umfundishe

Mbwa wengi wanaoitwa wakaidi wanatenda hasa walivyofundishwa, ila mwenyewe hakujua kwamba alikuwa akifundisha. Mbwa anamrukia mgeni, anashikwa, anasemeshwa, anatazamwa: hayo yote kwake ni malipo, na kesho ataruka tena. Kabla ya amri yoyote, basi, jifunze kuusoma mwili wake na kulipa kwa wakati.

Mkia unaotikisika huonyesha msisimko, si lazima furaha. Uliolegea, ukipepea pamoja na kiuno chote, ni wa kirafiki. Uliosimama wima, mgumu, ukitetemeka haraka, ni onyo. Usiutazame peke yake, hata hivyo. Mbwa asiyestarehe hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza kichwa pembeni huku jicho likikutazama mpaka weupe wake ukaonekana. Halafu hukakamaa. Kukakamaa huko, hata kwa sekunde moja, mara nyingi ndiko hutangulia kunguruma, na baada ya kunguruma ni meno. Ukiona hayo mtoto anapomkumbatia, mwondoe mtoto taratibu, wala usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Anayepigwa kila akinguruma hujifunza kunyamaza, hofu yake ikabaki palepale, na siku moja huuma bila onyo.

Na ule uso wa majuto ukikuta kiatu kimetafunwa? Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, alionyesha kwa majaribio kwamba mbwa huutoa wakikaripiwa, wawe wamekosa au hawajakosa. Kumgombeza kwa jambo la saa nzima iliyopita hakumfundishi chochote zaidi ya kukuogopa. Vivyo hivyo kumlaza chali kwa nguvu ili ajue nani mkubwa: wazo hilo lilitokana na mbwamwitu waliofungiwa pamoja, na David Mech, mtafiti wa mbwamwitu aliyelieneza, alilisahihisha mwenyewe mwaka 1999 akieleza kuwa kundi la porini kwa kawaida ni wazazi na watoto wao.

Kwa malipo, kata vipande laini vya nyama iliyochemshwa bila chumvi, vyenye ukubwa wa punje ya njegere, vimezwe mara moja. Visizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu na chochote chenye zailitoli (xylitol, kitamu kinachotumiwa badala ya sukari) ni sumu kwake. Fundisha dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku, kabla hajala.

Anza na “kaa”. Weka kipande puani pake, ukipeleke polepole juu na nyuma ya kichwa. Pua ikipanda, makalio hushuka. Yakigusa tu sakafu, sema “ndiyo!” na umpe ndani ya sekunde moja. Ukichelewa akainuka, umelipia kusimama. Hapa ndipo wengi hukosea. Akiruka, mkono uko juu mno. Akirudi nyuma, mfundishie karibu na ukuta. Baada ya mara tano au sita, fanya ishara ileile kwa mkono mtupu na umlipe kwa mkono wa pili, la sivyo atakaa pale tu anapoona chakula. Neno “kaa” liingie baadaye, ukiwa na hakika kwamba anakaribia kukaa, na ulitamke mara moja. Ukisema “kaa, kaa, kaa” atasubiri la tatu.

Anayekaa vizuri sebuleni anaweza kusahau yote barabarani. Si dharau, kwake hilo ni somo jipya. Badilisha kitu kimoja kwa wakati: mahali, umbali, au kelele. Akifaulu mara nne kati ya tano, songa mbele. Akishindwa mara tatu, rudi nyuma hatua moja.

“Njoo” ifundishwe kwa kamba ya mita 5 hadi 10 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifua, si wa shingo, kwani akikimbia mpaka kamba ikaisha ataumia koo. Mwite, kimbilia nyuma, na mlipe kwa ukarimu akifika. Usimwite kwa jambo asilolipenda, kama kuogeshwa, mfuate ukamchukue. Na asiadhibiwe kamwe akija, hata kama amechelewa kiasi gani.

Akivuta kamba, simama. Ikilegea, endelea. Ukimruhusu leo ukamkataza kesho, unamfundisha kuvuta kwa bidii zaidi, kwa sababu malipo ya bahati nasibu hujenga ung'ang'anizi. Kubweka kwa kudai kitu ni hivyohivyo: ukipuuza, kwanza kutaongezeka, kisha kutapungua. Ukikubali kelele zikiwa kileleni, amejifunza kiwango kipya cha kuanzia.

Mtoto wa mbwa akutanishwe kwa upole na watu, sauti na sakafu za kila aina kati ya wiki ya 3 na ya 14, lakini asiburutwe kuelekea anachokiogopa. Na mbwa mzima aliyekuwa mpole akianza ghafla kunguruma anaposhikwa, aonwe na daktari wa mifugo kabla ya mkufunzi: sikio, jino au kiungo kinachouma hakiponi kwa mazoezi.